Karata za Kioo na Majina ya Wazee Wetu

Depo yangu ya kwanza, stoo ya magunia, iko ndani ya ziwa. Maji yalipanda, yakala parsele yangu, kiwanja cha chini, na hayakurudi yote. Asubuhi, jua likiwa bado linajivuta juu ya milima ya Burundi kule ng'ambo, ninakaa kwenye ngazi ya nyumba na kutazama kichwa cha ukuta kinachotokeza majini. Samaki wadogo wanaingia mu mlango wangu bila kubisha hodi.

Sikulia. Kitu ulichokijenga kwa mgongo wako mwenyewe, kikizama unajua utajenga kingine. Minye nilianza kwa kubeba mizigo pale bandarini Kalundu. Masomo niliyaacha mu mwaka wa pili wa primeri: mwalimu alinichapa kwa kuandika na mkono wa kushoto, nikatoka kupitia dirisha, na mpaka leo sijarudi kuchukua kibao changu. Kusoma nilijifunza baadaye, kwa kufuata maandishi ya magunia na ya mitumbwi. Kwa hiyo anayesoma haya akikuta neno limekaa upande, alinyooshe mwenyewe.

Lakini kuna kitu ambacho sijakiandika popote na sitakiandika hata hapa: majina ya wazee wetu. Mu nyumba yetu, muntu anayesema kwenye arusi na kwenye kilio anaitwa kinywa. Siku watu wanakuja kuomba binti, upande wao unauliza: huyu binti anatoka wapi? Hapo kinywa anasimama na kuanza kupanda. Kutoka kwa binti mpaka kwa baba yake, kwa babu yake, na kuendelea, mpaka kwa yule wa kwanza aliyeteremka kutoka milimani na kunywa maji ya ziwa hili. Kila mmoja na tendo lake: aliyevuka Ruzizi na ndama begani, aliyepika pombe wakati wa njaa ili watu wacheke, aliyekataa kumvulia mzungu kofia. Inafanywa hivyo ili pande mbili zisikie kama damu zao zilikwisha kukutana mahali. Na haisomwi mu karatasi. Ukoo unaosomwa mu karatasi ni ukoo wa kuazima. Watu watauliza karatasi umeitoa wapi.

Kinywa nilipewa na baba yangu mkubwa, tukiwa tunatengeneza nyavu, yeye anasema na minye ninarudia. Nimesema kwenye arusi nyingi hata majina hayakuwa tena mu kichwa. Yalikuwa mu ulimi, namna njia ya nyumbani inavyokuwa mu mguu.

Nilianza kupoteza vitu mu kichwa siku moja sokoni. Mama mmoja, aliyekuwa akinunua ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwangu tangu sisi wawili tuna meno yote, alinisalimia. Nikamwuliza: "Na muzee wa nyumbani, anaendelea?"

Akaweka kapu chini. "Papa," akasema polepole, kama anasema na mtoto mwenye homa, "si ni weye ulisema kwenye kilio chake?"

Ndiyo, ni minye. Nilimsemea yule marehemu vizuri mpaka watu walisahau kulia. Nikasema ninatania. Mama akacheka, akanifunika na kicheko chake kama vile unafunika muntu aliyelala vibaya. Nilijua kwamba nimefunikwa, na nilifika nyumbani bila kukumbuka njia niliyopita.

Halafu kwenye kilio cha shemeji yetu nikaruka jina. Sikujua kama nimeruka. Nyuma ya kinywa kunakaa ndugu mdogo, na kazi yake ni kunyamaza. Mdogo wangu hakunyamaza. Akasema mbele ya watu wote: "Mukubwa, umemuruka aliyevuka Ruzizi."

Mdogo wangu ni muntu mwenye sauti nyembamba na suruali zilizopigwa pasi. Anakitamani kinywa tangu zamani. Sikumsalimia mpaka tulipofika Jumapili.

Ingeweza kuishia hapo, kelele za ndugu wawili wazee. Lakini mu siku zile mjukuu wangu alikuja kukaa karibu na minye kwenye ngazi. Ni binti wa mwanangu wa kwanza, ambaye Mungu alimwita mapema. Nilimlea mu mikono hii. Ninamwita bibi yangu, yaani mke wangu, kama babu yeyote anavyomwita mjukuu.

"Babu, wanakuja."

"Nani?"

"Unajua. Watu wa ule kijana wa Runingu."

"Kwa hiyo weye bibi yangu unaniacha? Ule kijana anajua kukuna mgongo kama minye?"

Alicheka, kisha akaacha. Akaanza kuchora kwenye mchanga na kidole cha mguu. "Babu, siku ile ni weye utasema. Sitaki mwingine. Baba hayupo, na weye usiposema itakuwa kama hakuna muntu wa kwangu aliyefika. Lakini shangazi anasema tuone kwanza."

"Tuone kwanza! Minye niko muhogo wa sokoni, mpaka munibonyeze kwanza?"

Shangazi yake ni binti yangu, muuguzi mu kituo cha afya, muntu asiyeogopa damu wala baba yake. Alinijia jioni hiyohiyo. "Papa, kwa masera wa kanisa kule Nyamianda wameleta tablete, ordinatere za kugusa na kidole. Ni michezo ya kufanyisha akili ya wazee mazoezi. Uende. Kama mpaka siku ya posa haujaruka tena, utasema na baba mudogo atafunga mdomo wake. Ukiruka, atasema yeye. Ninakuomba usikasirike."

Nilikasirika. Kisha nikakubali, kwa sababu ya majivuno. Muntu aliyeanza na mzigo kichwani hawezi kukimbia kioo.

Ukumbi wa masera ulikuwa stoo ya mahindi, na harufu ya magunia haijatoka. Kuna meza ndefu, na madirisha yanayotazama ziwa. Tablete zilipangwa kama sahani za karamu isiyokuwa na chakula. Umeme ukikatika, vioo viliendelea kung'aa peke yake, nyuso za wazee zikawa buluu, na kelele za moto, zile pikipiki za barabarani, zikaja kutoka mbali, kana kwamba sisi sote tumekaa chini ya maji na dunia inapita juu yetu. Nilipapenda pale. Sikumwambia muntu.

Masera mwenyewe ni mtawa wa makamo, mfupi, anayevaa soksi hata mu joto letu. Mchezo wa kwanza aliotupa ulikuwa huu: nyumba inatokea kwenye kioo, watoto wanaingia, wengine wanatoka, wengine wanaingia tena. Halafu mlango unafungwa, na mashine inauliza kwa Kifaransa: mu nyumba wamebaki watoto wangapi?

Ukumbi mzima tukaondoa vidole kwenye vioo. Kwetu watoto wa muntu hawahesabiwi. Ukiwahesabu unawaonyesha kwa kifo. Hata ukiulizwa wako wangapi wa kwako, unajibu kwamba Mungu amesaidia, unanyamaza.

"Papa, bonyeza namba," masera aliniambia.

"Masera, hii nyumba ni ya nani?"

"Si ya muntu. Ni ya mashine."

"Na mama yao iko wapi?"

Mama mmoja wa upande wa dirisha akasema: "Minye nimebonyeza ziro. Iko heri."

Jirani yake akaruka: "Ziro? Umewaua wote!"

"Sikuwaua! Nimesema hawamo!"

"Wamekwenda wapi na mlango umefungwa?"

Tulicheka mpaka muzee mmoja alipaliwa na masera akakimbilia maji. Lakini mashine haicheki. Ilitupa sisi wote alama za chini kabisa, kila muntu na mstari wake mwekundu. Binti yangu alipopita kunichukua na kuona mstari wangu, macho yalimjaa. Alifikiri baba yake amekwisha.

"Si kwamba sijui," nikamwambia. "Nimekataa."

"Na minye, papa, nitatofautisha namna gani? Siku utakayokataa na siku utakayokuwa haujui?"

Ni swali zuri lile. Mpaka leo ninalizunguka kama mbuzi na kamba yake.

Masera aliuondoa ule mchezo, na siku ile ndipo niliposikia sauti ya muzee mmoja wa Runingu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa mbele yangu na fimbo ndefu kati ya magoti na rozari shingoni. Ni mkulima wa bonde, wa wale wanaosema Kirundi nyumbani, aliyehamia kwa binti yake Nyamianda kwa sababu magoti yamekataa shamba.

"Watu wa ziwa," akasema, "hata ndagala munapima na kapu. Mungehesabu nini?"

"Na weye muntu wa ng'ombe, ng'ombe zako unazihesabu?"

"Hapana. Ninazitazama tu. Ile isiyokuwapo ninaisikia hapa." Akagusa kifua.

Nikampenda, yaani nikaanza kumchokoza kila siku. Alikuwa na ugonjwa wake kama sisi wote. Akifika tu, anauliza: "Umekuja na moto ama na miguu?" Ninajibu. Tunaongea, tunacheza, jua linasogea kwenye saruji, na yeye anainua uso safi kabisa: "Muzee, umekuja na moto ama na miguu?" Mwanzoni niliudhika. Baadaye nikaona ni zawadi: muntu anayekuuliza upya anakupa nafasi ya kujibu vizuri zaidi. Nikaanza kumwambia nimekuja na mtumbwi, nimekuja mgongoni kwa kiboko, nimepeperushwa na upepo wa ziwa nikatua kwenye msalaba wa kanisa. Alicheka kila mara kama ni mara ya kwanza, na kwake ilikuwa.

Mchezo nilioukubali ni wa karata. Zinalala kifudifudi kwenye kioo. Unagusa moja, inafunguka: taa. Inajifunga. Unagusa nyingine: jogoo. Inajifunga. Lazima ukumbuke taa ya pili imelala wapi. Ukizipata pacha, zinayeyuka, na chini yake kunabaki rangi ya maji tu.

Zile karata ziliniingia. Nikilala baada ya chakula cha saa sita ninaziona zimetandazwa juu ya ziwa lote, kutoka kwetu mpaka Bujumbura, vipande vya mwanga vimelala kifudifudi, na minye ninatembea juu yake bila kulowa. Na mu usingizi ule nikapata hila. Nikatundika wazee wetu kwenye karata. Aliyevuka Ruzizi nikampa samaki. Mwenye pombe ya njaa nikampa kiti, kwa sababu watu walikaa kwake. Aliyekataa kuvua kofia nikampa jogoo. Kuna mmoja, aliyemzaa babu wa babu yangu, muntu wa kimya. Hatuna tendo lake hata moja, tuna jina lake tu. Yeye nikamtundika kwenye mwavuli, kwa sababu mwavuli ulikuwa umebaki. Nikawa ninacheza huku ninanong'ona: samaki na jina, kiti na jina, jogoo na jina. Muzee wa Runingu alikuwa akinitazama bila kuuliza.

Nikapanda. Mstari wangu ukatoka mu wekundu, ukawa kijani. Nikawashinda akina mama wa dirishani, nikamshinda katekista wa zamani aliyesoma mpaka sekondari. Mashine ilinipigia makofi na kusema bravo, na minye nikatembea barabarani kifua mbele kama jogoo mwenyewe.

Masera hakuwa muntu wa kudanganya. Siku moja, akifuta vioo na kitambaa, aliniambia: "Papa, mashine inakusifu kwa karata. Karata unazijua sasa, kweli. Kama hiyo akili itavuka ifike kwenye mambo yako mengine, minye sijui. Hata wenye kuzitengeneza wanabishana."

"Itavuka," nikasema. "Sisi watu wa hapa kazi yetu ni kuvuka."

Alitabasamu na soksi zake, akaenda zake.

Ni mu wakati ule muzee wa Runingu aliniuliza swali lake la moto na miguu, akasikia jibu, kisha akasema: "Mjukuu wa mdogo wangu anaoa kwa watu wa ziwa. Wamenipa minye kinywa. Wanasema kinywa cha huko ni muzee mmoja mwenye majivuno sana."

"Anakaa wapi, huyo muzee?"

"Chini kule, karibu na depo iliyozama."

"Ni minye."

Tulitazamana. Kisha alipiga fimbo chini, akacheka mpaka rozari ikaruka. "Nitakubana! Siku ile nitakubana mpaka utaje hata ndagala za babu yako!"

"Weye ulete ng'ombe kwanza, maneno baadaye."

Lakini kuna desturi: vinywa viwili vitakavyokutana haviwezi kunywa kwenye chombo kimoja kabla ya siku yenyewe, maana watu watasema wamepatana pembeni. Masera alikuwa na chupa moja ya chai. Sisi wawili tukakataa chai, kila mmoja akimwonyesha mwingine kidevu. Masera akafikiri tumegombana, akataka kutupatanisha kwa sala. Tulipomweleza, akatafuta chupa ya pili na kutukalisha kila muntu kwenye meza yake, minye upande wa ziwa, yeye upande wa mlima. Tangu siku ile tulitukanana kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu ya umbali.

Sasa nitasema kitu ambacho binti yangu alikijua na mdogo wangu hakukijua. Ilikuwa mchana, mu wiki zile nilizokuwa mshindi wa karata. Nililala kidogo kwenye mkeka, nikaamka, nikachukua kapu, nikashuka kwenda kufungua depo. Nilisikia watu wananingoja, magunia yanatelemshwa, sauti ya baba yangu mkubwa inaita. Sakafu ilikuwa baridi. Nikafikiri, leo wameosha sakafu vizuri. Baridi ikapanda kwenye magoti, ikapanda kwenye mapaja, na minye ninaendelea, mkono umenyooshwa kutafuta kufuli.

"Papa!" Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo ufukweni aliita. "Papa, unatafuta nini huko?"

Nikasimama. Mwanga wote wa ziwa ulikuwa mu macho yangu. Nilikuwa majini mpaka kiunoni, kapu linaelea pembeni yangu kama bata. Nilikuwa na raha, na hilo ndilo lililonitisha. Sikutaka kurudi.

"Ninapima maji," nikajibu.

Binti yangu alikuta suruali yangu kwenye kamba, bado inachuruzika maji. Alikaa kwenye ngazi na sare yake nyeupe, akaniambia: "Papa, bado unaweza kusema hapana. Baba mudogo iko tayari."

"Majina ninayo," nikasema. Na nilikuwa nayo. Nilimtajia yote pale pale, mpaka wa kwanza aliyekunywa maji. Alisikiliza, akafuta macho, akasema: "Basi utasema."

Siku ya posa ikafika. Tulitandaza bashi uani kukinga jua, viti vyetu upande huu, vyao upande ule, mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, katikati na mirija yake imefunikwa. Wageni walikuja na moto mu mstari mrefu, vumbi la bonde bado liko kwenye mashati yao. Muzee wa Runingu aliteremka wa mwisho, akapangusa fimbo, akakaa mbele yangu bila kunisalimia kwa jina, kama inavyotakiwa. Mjukuu wangu alikuwa ndani ya nyumba nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa, vimepakwa rangi, havitulii.

Maneno ya kwanza yalikwenda vizuri. Akasema wamepotea njia wakifuata harufu ya samaki. Nikasema ni ajabu, sisi tulisikia harufu ya samadi tukajua wageni wamefika. Watu wao walicheka kwa nguvu kuliko wetu. Nilijisikia kijana. Kisha alipiga fimbo chini. "Huyu binti munayemficha, anatoka wapi?"

Nikasimama. Nikaanza kupanda. Binti, na baba yake, mwanangu. Sauti ikatikisika kidogo hapo, ni haki yake. Minye. Baba yangu. Babu yangu. Jogoo ikaja, na jina, na kofia. Nilikuwa ninatembea juu ya maji bila kulowa. Babu wa babu yangu. Na nikasema, kwa heshima yote, kwa sauti ya kinywa cha nyumba:

"Ambaye alizaliwa na Mwavuli."

Nilisikia mdogo wangu anavuta pumzi nyuma yangu. Mmoja wa vijana wao akarudia chinichini, "Mwavuli?" Vidole vya miguu chini ya pazia vilisimama. Nilitafuta jina nyuma ya mwavuli, na nyuma ya mwavuli kulikuwa mwavuli.

Muzee wa Runingu alinitazama. Miezi yote ile alikuwa amekaa karibu nami, na baadaye ng'ambo ya ukumbi, akisikia ninavyonong'ona. Akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Wazee, munisamehe," akasema. "Huyu muzee amekwisha kuanza? Sikumusikia. Aanze tena kutoka mwanzo."

Watu wake wakanung'unika. "Papa, amekwisha kufika katikati!"

"Nimesema aanze."

Uso wake ulikuwa safi kabisa, ule uso wa asubuhi, wa moto na miguu. Hata leo sijui kama siku ile alisahau au alinipa. Sikumwuliza, na yeye hajasema. Labda naye hajui.

Nikaanza tena. Binti, mwanangu, minye, baba, babu. Nilipokaribia mahali pale, uwanja ulienda mbali, bashi ikawa anga ya buluu, na karata zote zikalala kifudifudi juu ya maji yaliyotulia. Nikagusa moja. Mwavuli. Nikagusa ya pembeni. Mwavuli. Sikuogopa. Niliona wazi kwamba ningeweza kusema jina lolote, na ng'ambo hakuna muntu ambaye angejua. Wangeitikia, tungekunywa. Lakini majina yale yako pale ili vijana wawili wasioane ndugu na ndugu. Jina la kubuni ni shimo unalolifunika majani mu njia ya watoto wako. Na mjukuu wangu alitaka niseme minye kwa sababu aliamini kila ninachosema.

Nikageuka. "Mdogo wangu," nikasema kwa sauti ya kusikiwa mpaka barabarani, "minye nimeleta hawa watu mpaka hapa. Kutoka hapa, weye uwapandishe. Kinywa ni chako."

Alisimama na suruali yake ya pasi, mikono haijui pa kukaa. "Mukubwa? Minye? Leo?"

"Unataka nimwite nani, ndagala?"

Watu wa pande zote wakacheka, na mu kicheko kile ikawa kama ndivyo tunavyofanya kwetu siku zote, muzee anaanza na mdogo anamaliza. Muzee wa Runingu aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya pazia nilisikia mjukuu wangu anapiga chafya au analia, sikutofautisha. Baadaye, alipotoka kujionyesha kwa wageni, alipita kwanza kwenye kiti changu, akanyoosha kola yangu iliyokuwa imekunjika, akaninong'oneza: "Babu, nilikusikia." Halafu akaenda kwao.

Lakini kabla ya hapo mdogo wangu alisema jina. Alilisema kwa ile sauti yake nyembamba, na nilishangaa jinsi lilivyo fupi. Akaendelea kupanda. Nilikaa. Tangu ujana wangu sikuwahi kusikia majina haya; nilikuwa ninayasema tu, na anayesema hasikii, anafikiri linalofuata. Sasa hakukuwa na linalofuata la kwangu. Mdogo wangu anakimbia sana, hampi marehemu nafasi ya kukaa vizuri. Nilimwambia kesho yake na alikasirika. Siku ile nilimwacha akimbie. Nilifunga macho, na wazee wetu wakaja mmoja mmoja kutoka upande wa mlima, wakipita mbele ya kiti changu wakiteremka majini, na yule wa kimya alikuwa kati yao, mrefu kuliko nilivyofikiri, na hakuwa na kitu chochote mkononi.